Hita ya karavani inayopendelea sebule

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi ni msimamizi wa timu ndogo ya kuchimba visima, kwa sasa tuko upande wa Kolo, Kondoa. Tunalala watatu kwenye karavani ya mtumba iliyotoka Uingereza, urefu wake kama mita sita. Ina hita ya gesi yenye feni, imefichwa chini ya kochi la mbele, na matundu manne ya kutolea hewa ya moto: mawili sebuleni, moja karibu na mlango wa choo, moja chumba cha nyuma chenye vitanda viwili. Usiku sebule inapata joto mpaka mtu anavua fulana, huku wale wawili wa nyuma wanalala na makoti. Nikafunga matundu mawili ya sebuleni ili joto liende nyuma. Badala yake hita ikaanza kuzima yenyewe kila baada ya dakika chache, feni inaendelea kupuliza, halafu inawaka tena. Fundi mmoja kasema hita imechoka, tununue kubwa zaidi. Nishauri kabla sijaomba fedha ofisini."

Marahaba, mwanangu, na poleni na baridi. Fedha za ofisi ziache kwanza.

Hita inayoweza kumvua mtu fulana mwezi wa saba huko Kolo haijachoka. Hita za karavani za Ulaya za ukubwa huo mara nyingi zina nguvu ya kilowati 4 mpaka 6. Hapa Dodoma mjini usiku wa Julai hushuka mpaka nyuzi joto 13 au 14, na kwenu milimani pengine chini kidogo ya hapo. Kwa baridi ya namna hiyo, hata kilowati 4 zinatosha na kusaza, maana zilitengenezwa kwa watu wanaoamka na kukuta theluji mlangoni. Ukifunga kubwa zaidi, sebule itakuwa tanuri la mikate, na wale wa nyuma watabaki na makoti yao yaleyale. Moto mnao. Mgawo wake ndio haujakaa sawa.

Kama umewahi kupita kwenye skimu za zabibu huku Chamwino, au kwenye mfereji wowote wa umwagiliaji, unajua habari ya mwenye shamba la mwisho. Wa juu wanafungulia, wa kati wanafungulia, yeye anapata tope. Maji hayana ugomvi naye, yanapita palipo rahisi tu. Hewa ya hita nayo ni hivyo hivyo. Feni iliyomo ndani ni ndogo, inasukuma kwa nguvu kidogo sana, na inachungulia njia nne: mbili fupi za sebuleni, moja ya kati ya chooni, na moja ndefu yenye kona zake inayokwenda mpaka kitandani. Hewa nyingi itatoka pale kwenye njia fupi. Kazi yetu ni kuilainisha ile njia ndefu mpaka hewa iione kuwa nayo ni rahisi.

Wewe ulifanya kinyume, na ni kosa ambalo karibu kila mtu analifanya, hata mimi nililifanya zamani. Uliziba zile rahisi ukidhani hewa itakosa pa kwenda iende nyuma. Sehemu ilikwenda, lakini njia ya nyuma haikuwa na uwezo wa kubeba yote. Moto ukaendelea kuwaka kwa nguvu ileile huku hewa ya kuubeba imepungua, hita ikachemka ndani, na swichi yake ya usalama ikakata gesi. Feni ikaachwa izunguke ili kuipoza. Ikishapoa, inawaka tena. Hiyo ndiyo "inazima yenyewe" yako. Fundi wako ameona dalili ya hita inayojilinda, akaiita uchovu. Kabla hujaendelea kusoma, nenda kafungue matundu yote manne. Swichi ile haikuwekwa pale ikatize kila dakika tano usiku kucha. Ukiiacha hivyo wiki nzima, utakuja kununua hita kweli.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho kwa uzoefu wangu ndicho mkosaji mara nyingi, na ambacho barua yako haikukitaja hata kwa bahati mbaya: hewa inarudi wapi?

Hita haitengenezi hewa. Inavuta hewa iliyopoa kutoka humo humo ndani, inaipasha, inaipuliza. Kama hakuna nafasi ya kutosha ya kuivuta, feni itazunguka kwa kelele na kutoa kidogo. Na kama chumba cha nyuma kimefungwa mlango, hewa ya moto ikiingia mle haina pa kutokea, inakuwa kama kujaza chupa ambayo tayari imejaa. Kwa hiyo kuna marejeo mawili ya kuangalia, moja pale hita ilipo, na jingine mlangoni kwa wale wa baridi.

Pale hita ilipo, inua mto wa kochi ufungue sanduku. Nitashangaa nisipokuta mle ndani buti za kazini, kamba, gunia la unga na koti la mvua. Siwalaumu, karavani ina nafasi ndogo na watu wa visima wana mizigo. Lakini mizigo hiyo inaikaba hita koo. Itoe yote. Mbali na hewa, vitu vinavyoshika moto havikai kuizunguka hita. Kisha tafuta ubavuni mwa sanduku tundu lenye wavu au vijiti vya mbao: hilo ndilo la kuvutia hewa. Lipime kwa rula. Mabomba ya hewa ya karavani nyingi za Ulaya yana kipenyo cha milimita 65, maana yake kila moja lina mdomo wa sentimita za mraba 33 hivi. Manne ni kama 133. Tundu la kurudishia lisiwe dogo kuliko jumla hiyo, na likizidi hakuna anayeumia. Mimi hukata la sentimita 15 kwa 10, nikaweka wavu mpana usioshika vumbi. Kama lako limefunikwa na zulia ambalo mtu aliliweka kwa mapambo, mmeshapata nusu ya jibu.

Kwenye mlango wa nyuma, pima uwazi wa chini. Karavani nyingine zina pazia tu, hazina shida. Zenye mlango wa kusukuma, fundi seremala akate sentimita mbili chini, au afungue kitundu chenye wavu karibu na sakafu. Cha chini, si cha juu, maana hewa ya baridi hukaa sakafuni na hiyo ndiyo unayotaka irudi kwa hita. Kwa usiku wa leo, laleni mlango ukiwa wazi kiganja kimoja, asubuhi waulize walalaji kama kuna tofauti.

Ukishafanya hayo mawili, usikimbilie kukata kitu kingine. Pima kwanza. Nenda duka la dawa za mifugo hapo Kondoa, nunua vile vipimajoto vya bei ndogo wanavyoning'iniza kwenye mabanda ya vifaranga, vitatu. Viweke vyote mezani usiku mmoja uone kama vinakubaliana, maana vya bei ndogo vina tabia ya kudanganyana kwa nyuzi moja au mbili, kisha andika tofauti zao. Baada ya hapo kimoja ning'iniza sebuleni, kimoja katikati, kimoja nyuma, vyote kwa kimo cha mto wa kulalia na mbali na matundu. Washa hita, subiri saa nzima, soma. Bila namba hizo utakuwa unarekebisha malalamiko, na malalamiko hayarekebishiki: nimewahi kusawazisha karavani vizuri kabisa na mlalaji wa nyuma akaendelea kulia baridi, kumbe kitanda chake kiko ubavuni mwa dirisha lisilofunga.

Twende kwenye bomba la nyuma lenyewe. Karavani hiyo ilitengenezwa kutembea kwenye lami za Uingereza. Ninyi mmeivuta mpaka Kondoa, na mpaka Kondoa sawa, kuna lami, ila mlipoacha lami kwenda kwenye visima vijijini mmeipitisha kwenye changarawe iliyojikunja rasta tupu. Mabomba ya hewa ni mepesi, mengi ni ya karatasi na alumini nyembamba zilizosokotwa pamoja, na maungio yake mara nyingi yameshikwa kwa kusukumizwa tu. Mtikisiko wa siku tatu unatosha kuyachomoa. Bomba likichomoka chini ya kitanda au nyuma ya kabati, hewa ya moto inapasha sufuria na viazi, na tundu la nyuma linatoa pumzi ya mgonjwa.

Kulichunguza huhitaji mtambo. Nunua udi. Washa hita ikipuliza, funga madirisha, fungua makabati ya chini, kisha pitisha kijiti cha udi taratibu kando ya bomba kuanzia kwenye hita mpaka mwisho. Moshi ukiyumba mahali ambapo hapana tundu, hapo panavuja. Mahali pengine bomba halifikiki, hapo tumia mkono: ukuta wa kabati ulio na joto kuliko mwenzake una siri. Ziba kwa utepe wa alumini, ule wa mafundi wa viyoyozi. Selotepu ya kawaida na ile ya nailoni gundi yake inayeyuka kwa joto, na mwezi ujao utarudi palepale.

Ukiwa huko chini, tazama umbo la bomba. Limekanyagwa? Limebanwa na mguu wa kitanda? Bomba lililobonyea limepoteza sehemu ya tundu lake, na hewa inayopita inapungua. Kona nayo ni adui: kona moja kali inakula nguvu ya feni kuliko mita nzima ya bomba lililonyooka, kwa hiyo kila panapowezekana zungusha kwa tao pana. Bomba lililo refu kuliko lazima, lililolegea na kujikunja kama utumbo, likate livutike linyooke. Na kama kuna sehemu inayopita chini ya sakafu, nje, hapo upepo wa kipupwe unalipoza njia nzima. Livike sponji la mafundi wa viyoyozi au lisokotee godoro chakavu, juu yake nailoni nzito ya kuzuia vumbi na matope.

Halafu kuna panya. Karavani iliyokaa miezi bila kutumika ni hoteli, na bomba la hewa ni chumba cha kifahari. Nimetoa humo nyasi, pamba ya godoro, mabunzi ya mahindi. Mwaka mmoja nililetewa karavani yenye ugonjwa kama wako, nikabadilisha betri, nikasafisha feni, nikamtoza mtu hela, na nyuma pakabaki baridi. Aliporudi ana hasira, nikavua tundu la nyuma na kuingiza waya: soksi ya mtoto. Ilianguka pale chini ikavutwa, sijui lini. Nilirudisha hela ya betri, na tangu siku hiyo waya ndio unaotangulia. Ingiza waya mgumu wenye ncha iliyokunjwa, taratibu usitoboe, kutoka tundu la nyuma kwenda mbele.

Kama baada ya hayo nyuma pamepanda lakini bado panazidiwa na mbele kwa zaidi ya nyuzi nne au tano, basi mgawo wenyewe ulipangwa vibaya tangu kiwandani, au mwenye karavani wa kwanza aliubadilisha. Matundu mawili sebuleni, moja chooni na moja tu nyuma kwa watu wawili wanaolala huko, hiyo si haki. Dawa yake ni kumpa wa nyuma njia ya pili. Lile bomba la chooni litoe pale, lirefushe lipite ubavu wa pili wa karavani mpaka chumba cha vitanda, choo ukiachie kitundu kidogo tu kwenye njia yake. Njia mbili sambamba zinabeba karibu mara mbili ya moja, bila kuongeza nguvu yoyote ya feni.

Bomba la milimita 65 huenda usilipate madukani huku. Usihangaike. Chukua bomba la alumini linalojikunja, lile wanalotumia kutolea moshi na mvuke jikoni, la milimita 100, kama chini ya vitanda kuna nafasi. Mdomo wake ni sentimita za mraba 78 na ushei, zaidi ya mara mbili ya lile dogo, kwa hiyo hewa inapita kwa raha. Fundi bati yeyote, peleka vipimo, atakutengenezea vipande vya kupunguza, 65 upande wa hita na 65 upande wa tundu. Kitu nisichokiruhusu ni bomba la plastiki la maji machafu. Najua liko kila duka na linaingia vizuri. Hewa inayotoka kwenye hita ina joto la kutosha kulilainisha, likaanza kunuka na kubonyea, nanyi mmelala.

Ni hapa tu, baada ya njia ya nyuma kuwa nyepesi, ndipo unaruhusiwa kugusa matundu ya sebuleni. Usiyafunge. Yapunguze. Kata pete ya bati yenye tundu dogo kidogo katikati, iingize nyuma ya kifuniko cha tundu moja la mbele, acha angalau theluthi mbili ya uwazi. Subiri saa nzima, soma vipimajoto. Hita ikianza tena kuzimazima, umebana mno, ongeza uwazi. Fanya hivyo tundu moja moja, usiku mmoja mmoja. Kazi hii haipendi haraka, na kama mko watatu mtabishana kila asubuhi, kwa hiyo anayeandika namba awe mmoja.

Themostati nayo itazame iko wapi. Hita inasikiliza kihisi kimoja tu. Kama kipo sebuleni juu ya kochi, au karibu na jiko, mtu akichemsha chai saa tatu usiku kihisi kinaamini karavani nzima imepata joto na kuiambia hita ipunguze, huku nyuma wanatetemeka. Kikiwa mkondo mmoja na tundu la moto ni hivyo hivyo. Kihamishie katikati, ukuta wa ndani usiopigwa na baridi ya nje, kimo cha kifua cha mtu aliyeketi, mbali na dirisha, jiko na matundu. Mara nyingi ni waya mwembamba tu wa kurefusha.

Betri sitaisema sana. Feni inakula umeme wa volti 12. Betri nzuri iliyopumzika inasoma 12.6 au 12.7, na ikisoma 12.0 imebakiwa na kidogo. Umeme ukipungua, feni inapunguza mwendo, na wa kwanza kulikosa joto ni yule wa mwisho wa njia ndefu. Kwa hiyo kama nyuma panakuwa afadhali saa mbili usiku na pabaya saa kumi alfajiri, pima betri saa kumi alfajiri, hita ikiwa inafanya kazi, na pimia kwenye waya za hita penyewe, maana viungio vyenye kutu vinakula volti njiani. Vumbi letu hili jekundu likishika kwenye mapanga ya feni nalo linaipunguza mwendo, lipigwe brashi kavu. Jua la Kondoa mnalo bure, sola ndogo juu ya paa itairudishia betri ilichotoa usiku, mradi mtu apande kuifuta vumbi.

Kwenye gesi nina jambo moja la kukutisha. Karavani za Ulaya za miaka ya karibuni zinataka presha ya milibari 30. Kwa sababu kichwa cha mtungi wetu hakioani na mpira wa kule, mafundi wengine wanaunganisha kwa regyuleta ya presha kubwa, ile ya majiko makubwa ya migahawani, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo dukani. Hiyo usiiruhusu kwenye karavani hata usiku mmoja. Tafuta iliyoandikwa 30, na maungio yapimwe kwa maji ya sabuni. Ukikuta moja inayotoa povu, funga mtungi, toka nje, ita fundi wa gesi. Ndani ya hita yenyewe, penye moto, usifungue wewe wala yule aliyesema imechoka, na kabla ya kuchokonoa mabomba ya karibu nayo funga mtungi na chomoa betri. Mtungi nao usiwe mdogo mno: hita ya kilowati 4 ikiwaka kwa nguvu zote inakula gesi karibu theluthi moja ya kilo kwa saa, sema gramu 300 hivi, kwa hiyo wa kilo 6 utaisha ndani ya saa 20. Unapokaribia kwisha usiku wa baridi, gesi inatoka kwa unyonge na moto unafifia. Wa kilo 15 unatulia zaidi. Wanaosema hita inadhoofika kwa sababu ya mwinuko wa Kondoa, waache. Mwinuko upo, ila haubagui kati ya sebule na kitanda.

Mkiwa mnasubiri kazi hizo, yapo ya kufanya bila bisibisi. Babu zetu Wagogo na jirani zao walijenga tembe, kuta nene za udongo na paa la udongo, jua la mchana likaingia ukutani na kutoka taratibu usiku. Karavani ni kinyume chake, bati jembamba na sponji la sentimita tatu hivi, haiweki akiba yoyote. Moto ukizimika, joto limekwenda. Kwa hiyo iegesheni vizuri: upepo wa msimu huu huku kwetu hupendelea kutoka mashariki na kusini-mashariki, elekezeni huko upande wa mbele wenye sebule, ili chumba cha vitanda kikae kwenye kivuli cha upepo. Kama kuna kichuguu, ukuta au gari kubwa la mtambo, lisimamisheni liwakinge. Sakafu ya nyuma tandikeni jamvi na zulia juu yake, madirisha yawekewe pazia zito, na magodoro yasishikane na ukuta wa nje: acheni vidole viwili hewa ipite, msije mkaamka na unyevu.

Ila msizibe matundu ya kudumu ya hewa, yale madogo ya sakafuni na ya juu kwenye paa, hata kama yanaleta ubaridi. Yamewekwa kwa ajili ya pumzi zenu. Na bomba la moshi la hita, lile la nje ubavuni au juu, lichunguzwe na tochi: nyigu wa udongo wanapenda sana kujenga kwenye tundu la namna hiyo karavani ikiwa imelala. Likizibwa, moshi unaweza kurudi ndani, na ndani ya moshi huo kuna gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu. Mtu anahisi kichwa kizito, anadhani ni uchovu wa kazi, analala. King'ora chake ni kidogo kama kiberiti kikubwa na kinatumia betri. Hicho ndicho kitu pekee kwenye barua hii ambacho ningeomba fedha ofisini kwa ajili yake. Na jiko la mkaa haliingii humo ndani, hata kwa dakika kumi za kupasha kitanda, hata kama dirisha liko wazi. Watu wamekufa kwenye vyumba vya matofali vyenye nafasi mara tatu ya hiyo karavani yenu.

Anza kesho asubuhi na sanduku la hita na mlango wa nyuma, kisha uning'inize vipimajoto. Namba tatu za usiku wa kwanza na tatu za usiku baada ya kupitisha udi na waya ukinitumia, pamoja na volti za alfajiri, nitakuambia kama unahitaji bomba la pili au mmeshamaliza.